Mary Lou Williams: saksafoni tatu, sauti nne

Mary Lou Williams, mpiga piano na mpangaji wa muziki wa jazi wa Marekani, alizaliwa Atlanta mwaka 1910, akakulia Pittsburgh, na tangu 1929 hadi 1942 alifanya kazi na bendi ya Andy Kirk yenye makao Kansas City. Anasifiwa kwa vidole vyake kwenye piano, na ni haki yake. Lakini ukitaka kujua kwa nini viongozi wa bendi Benny Goodman na Duke Ellington walimtafuta, tazama alivyowagawia wenzake noti.

Mwanzoni hakujua kuandika. Alipiga wazo lake kwenye piano, Kirk akaliandika, mpaka naye akaishika kazi hiyo. Mwaka 1936, kwenye wimbo "Walkin' and Swingin'", alikuwa na saksafoni tatu tu ilhali alitaka sauti nne. Akachukua tarumbeta moja akaichanganya nazo.

Ukitaka kujaribu mbinu hiyo, usifikirie sauti nne za kwaya, ambako besi iko mbali chini. Hapa zote nne zinabanana ndani ya oktavu moja, yaani umbali wa C hadi C inayofuata. Tuseme noti ya wimbo ni C: tarumbeta ipige C, saksafoni ya alto ya kwanza A, alto ya pili G, na saksafoni ya tena (tenor), yenye sauti nzito zaidi, E. Wimbo ukipanda D, zinakuwa D, B, A♭, F. Ukifika E: E, C, A, G. Sasa mfuate mpigaji mmoja mmoja. Alto ya pili, kwa mfano, imetoka G, A♭, A. Hakuna anayeruka, kila mtu anapanda ngazi moja, na ndiyo maana mstari mzima unateleza kama ala moja. Zile noti za mkusanyiko wa katikati (D, B, A♭, F) zikipigwa peke yake zina ukakasi. Zinapita tu, usizikalie.

Wanaoanza huharibu kwenye kunakili. Noti za piano hazipelekwi kwa wapuliza zilivyo. Tarumbeta ya B♭ iandikie toni moja juu: ukiiandikia C itatoa B♭. Alto ipandishe sita kubwa (toni nne na nusu), na saksafoni ya tena oktavu na toni. Kwa hiyo katika mkusanyiko wa kwanza hapo juu, tarumbeta inasoma D, alto ya kwanza F♯, alto ya pili E, saksafoni ya tena F♯. Ndiyo, alto ya kwanza na saksafoni ya tena zinasoma noti ileile na kutoa sauti mbili tofauti. Usihangaike "kuisahihisha".

Kosa jingine ni nguvu ya pumzi. Tarumbeta ikipulizwa wazi itazifunika saksafoni na utasikia sauti moja yenye mkia. Ipulizwe kwa upole, au mdomo wake uzibwe kwa kofia.

Goodman alipata "Roll 'Em" kutoka kwake mwaka 1937, mpangilio wa bluzi yenye mwendo wa boogie-woogie, yaani besi inayojirudiarudia. Baadaye nyumba ya Mary Lou huko Harlem ikawa kama darasa. Wapiga piano Thelonious Monk na Bud Powell walikuwa wakifika. Mwaka 1945 alitoa "Zodiac Suite", vipande 12, kimoja kwa kila nyota ya unajimu. Mwaka 1954 akiwa Paris aliacha kupiga hadharani, akarudi jukwaani 1957, na kuanzia 1977 hadi kifo chake 1981 alifundisha Chuo Kikuu cha Duke.

Ukishasikiliza ile kazi ya 1936, weka "Trumpets No End" ya Ellington, iliyorekodiwa 1946. Mpangilio ni wa Mary Lou, umejengwa juu ya wimbo "Blue Skies". Safari hii tarumbeta hazifichwi nyuma ya mtu: zinapokezana mbele, moja baada ya nyingine.