Goti bandia: dhana zinazosikika sana, na ukweli wake

"Akilazwa muda mrefu baada ya upasuaji, goti litapona vizuri zaidi." Hii hupendwa sana na ndugu wa mgonjwa. Lakini siku za kulazwa hutegemea utaratibu wa nchi kuliko goti lenyewe. Denmark wengi huruhusiwa baada ya siku chache tu. Ujerumani, mgonjwa akitoka wodini mara nyingi hupelekwa kituo cha mazoezi tiba kwa wiki tatu hivi, na Japani kulazwa wiki kadhaa si ajabu. Australia waliamua kupima. Katika utafiti uliochapishwa 2017, wagonjwa 165 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilifanya mazoezi kwa siku 10 likiwa limelazwa kisha likaendelea nyumbani, jingine likafanya ya nyumbani tu. Baada ya wiki 26, umbali waliotembea kwa dakika sita haukutofautiana kwa maana yoyote. Hao, hata hivyo, ni wagonjwa ambao upasuaji wao haukuleta matatizo. Mzee anayeishi peke yake ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, ana haki ya kuomba abaki kidogo.

"Goti jipya, nguvu mpya." Hapana. Kilichobadilishwa ni ncha za mifupa, zikavikwa chuma na plastiki ngumu. Msuli wa mbele ya paja ni uleule uliodhoofika kwa miaka ya kuchechemea, na mwezi mmoja baada ya upasuaji nguvu zake huweza kuwa chini ya nusu ya zilivyokuwa kabla. Ndiyo maana mtu anatembea sebuleni bila shida, ngazi zikamshinda. Dawa yake haina mbwembwe: nyoosha mguu kitandani, kandamiza goti kuelekea godoro, hesabu hadi tano, legeza, rudia. Baadaye, inuka kitini bila kujisukuma kwa mikono.

"Maumivu maana yake acha mazoezi." Maumivu ya wastani na uvimbe wa jioni ni kawaida, punguza kasi, usiache. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikibana, homa ikipanda au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

"Sitapiga magoti tena maishani." Wengi hawajaribu kwa sababu ya woga tu. Kidonda kikishapona na daktari akikubali, kupiga magoti juu ya kitu laini kwa kawaida hakuharibu goti, ingawa ngozi pembeni ya kovu huwa na ganzi na hisia yake haipendezi. Kukunja ndiko kwenye mpaka: goti bandia mara nyingi huishia nyuzi 110 hadi 120, na kuchuchumaa hadi chini hudai zaidi ya hapo. Kwa anayeswali, kikao cha kati ya sijida mbili ndicho kigumu kuliko sijida yenyewe. Kiti kinaruhusiwa, na choo cha kukalia kitamfaa zaidi.

"Linadumu miaka kumi tu." Kumbukumbu za upasuaji za Australia na Finland zinaonyesha magoti 82 hivi kati ya 100 bado yapo mahali pake baada ya miaka 25.