Asilimia moja ya mtu wa kati

Watu wakisikia nafanya komplayansi, yaani kuhakikisha kampuni inafuata sheria, kwenye makampuni ya kimataifa wanadhani nashinda nawakimbiza wahasibu wala rushwa. Wala. Muda wangu mwingi unaishia kwenye mkataba wa mtu mmoja, yule wa kati. Ataitwa agenti, ataitwa konsaltanti, ataitwa patna wa nyumbani, majina kibao ila mara nyingi yupo pale kupokea asilimia ambayo bosi wa kule Ulaya hataki kuulizia inaenda wapi.

Chenji ya rada mnaikumbuka? BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, ilituuzia Tanzania rada kwa pauni milioni 28, halafu zaidi ya dola milioni 12 zikaenda kwa agenti, karibu theluthi ya bei, na kwenye vitabu vya kampuni zikaandikwa kama malipo ya huduma za kiufundi. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza hesabu vizuri (sio rushwa jamani, hesabu!) ikapigwa faini ya pauni 500,000 na pauni milioni 29.5 zikarudi huku zikanunua vitabu na madawati. Jaji mwenyewe alishangaa, akasema mtu anayeamini yule agenti alikuwa mpiga debe tu anayelipwa vizuri basi huyo hajui dunia inavyoenda.

Ila kesi ninayoipenda zaidi kufundishia ni ya Standard Bank ya London na dada yake Stanbic Tanzania, kwa sababu pale London hakuna aliyetuhumiwa kwamba alijua kuna rushwa, na ndo maana inatisha.

Iko hivi, serikali ilikuwa inatafuta mkopo wa dola milioni 600 kwenye masoko ya nje. Benki wakaanza na ada ya asilimia 1.4 ya mkopo, mambo yakawa hayaendi, baadaye ada ikapanda ikawa 2.4 na ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikawa ya kampuni ya hapa Dar inaitwa EGMA ambayo mmoja wa wakurugenzi na wanahisa wake alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA, mamlaka ya mapato, aliyekuwa madarakani wakati huohuo. Ushahidi kwamba EGMA walifanya kazi yoyote haukuonekana. Machi 2013 hela ikaingia kwenye akaunti yao na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikawa imetolewa keshi.

Sasa nani alitakiwa kuikagua EGMA? London walisema hao ni wateja wa Dar, Dar watawacheki. Dar wakafungua akaunti kama wanamfungulia mteja yeyote yule. Taratibu za makaratasi zilikuwepo kote kuwili ila swali dogo kabisa, hawa wanalipwa kwa kazi gani, halikuwa la mtu. Nikiambiwa kampuni fulani ina sera nzuri ya maadili kurasa 60 mi huwa nauliza tu hiyo sera imempa nani hilo swali, kwa jina, na wengi wanaanza kutazamana.

Waliostuka ni wafanyakazi wa Stanbic hapahapa Dar, walioona keshi inavyotoka wakapandisha taarifa juu. Na hapa ndo nawapa benki maksi zao, makao makuu hawakukalia taarifa. April ya mwaka huohuo wakajipeleka wenyewe kwa SFO, wachunguzi wa ufisadi mkubwa wa Uingereza. Novemba 2015 yakapitishwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza kabisa Uingereza, na kosa likiwa ni kushindwa kuzuia rushwa chini ya sheria yao ya rushwa ya 2010. Tanzania ikalipwa zile milioni 6 na riba ya dola milioni moja na ushee, juu yake faini ya dola milioni 16.8 na faida yote ya milioni 8.4 ikatemwa.

Ile sheria inaibana kampuni kwa namna nzuri sana, kusema hatukujua hakuisaidii, kinachoisaidia ni kuonyesha iliweka utaratibu wa kutosha wa kuzuia. Kwa hiyo meneja anayekwepa kuuliza ili asijue, anaichongea kampuni yake.

Mimi mkataba wa mtu wa kati ukija mezani siangalii kwanza jina la kampuni, naangalia ameingia lini. Akiingia mwishoni, bei ikiwa tayari ilishajadiliwa, na ujio wake ndo umeipandisha, nasimamisha malipo. Halafu naomba nione kazi: ripoti, barua pepe, mahudhurio ya vikao, chochote. Wa kweli anakutumia siku hiyohiyo tena nyingi mpaka unachoka kusoma, wa mchongo anampigia simu bosi wako.