Breki za trela la farasi la mtumba: watu wanavyosema na ukweli wake

Hapa Lexington, Kentucky, Waswahili tuko wengi, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo, na mji umezungukwa na mashamba ya farasi kila upande, kwahiyo haupiti muda mrefu mtu ananipigia simu: nimepata trela la farasi wawili, la mtumba, bei nzuri kabisa, ila breki hazishiki na kampuni iliyolitengeneza ilishafungwa zamani, sasa spea natoa wapi? Kampuni ikifa basi na spea zimekufa nayo, ndo wengi wanavyoamini, na kuna watu wameuza trela zima zima kwa bei ya chuma chakavu kwa ajili ya imani hiyo tu.

Jamani sio kweli. Kampuni nyingi za trela huku Marekani hazitengenezi ekseli, lile bomba la chuma linalobeba magurudumu, wala breki. Zinanunua ekseli kwa watu kama Dexter au Lippert, breki zikiwa zimeshafungwa, alafu wao wanajenga bodi juu yake. Kwahiyo jina lililoandikwa ubavuni litakupoteza, wewe tafuta spea kwa ekseli. Lala chini na tochi na brashi ya waya, angalia bomba la ekseli katikati, upande wa nyuma, kuna kibati au stika yenye uwezo na namba. Langu la mwaka 1996 kibati kilikuwa kimezibwa na tope na mavi makavu, nikasugua kama dakika kumi nikaona 3500, hizo ni pauni ambazo ekseli moja inabeba, karibu kilo 1,590. Hapo nusu ya kazi imeisha.

Na kama kutu imekula kibati? Fungua gurudumu upime. Dramu, yaani lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ya inchi 10 yenye shuu, vile vipande vinavyoibana kwa ndani, za upana wa inchi 2 na robo, mara nyingi ni ekseli ya pauni 3,500 na sahani ya breki, bati linaloshikilia breki yote, imefungwa kwa bolti 4. Dramu ya inchi 12 yenye shuu za inchi 2 ni za kuanzia pauni 5,200 mpaka 7,000, bolti 5. Usihesabu tu nati za gurudumu ukaenda dukani. Beringi nazo zina namba zimegongwa kwenye chuma, mfano L44649 ya nje na L68149 ya ndani kwenye ekseli nyingi za 3,500, na namba hizo ni za kawaida, duka lolote la beringi wanazijua bila hata kuuliza trela la nini.

Kuna wanaosema breki za trela la farasi ni spesho, lazima zitoke duka la vitu vya farasi. Hapana. Ni zilezile za trela la mizigo na nyumba za kuvuta, hata ekseli za mpira, zile zisizo na springi ambazo zimejaa kwenye trela za farasi, nyingi zinachukua breki hizohizo. Ila ndugu zangu wa Nairobi na Naivasha mwenye trela lililotoka Uingereza, yako ni habari nyingine, hizo breki zinajifunga zenyewe trela likisukuma gari kwa nyuma, zinavutwa na kebo, hazina sumaku wala umeme kama hizi za Marekani, na vipimo vyake viko kwa milimita kama 200 kwa 50, kwahiyo usiagize za Marekani.

Hili la kulia na kushoto nalisema kwa uchungu. Muuzaji mmoja aliniambia zote ni sawa, nikatoka na boksi mbili za kushoto. Sio sawa kabisa! Angalia inavyofanya kazi: ukikanyaga breki umeme unaingia kwenye sumaku, sumaku inanata kwenye uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nayo, inavuta mkono wa chuma, na ule mkono ndo unasukuma shuu zibane. Sasa ukifunga ya kushoto upande wa kulia, dramu inaburuta sumaku kinyume na breki inakuwa dhaifu upande huo, na nyuma una mnyama wa kilo 500 amesimama kwa miguu yake minne akikuamini. Shuu yenye bitana fupi, ule utando unaosuguana na dramu, ikae mbele, upande trela linakoelekea. Ukiona inaangalia nyuma, simama hapohapo.

Zile waya mbili za sumaku mafundi wengi wanahangaika ipi chanya ipi hasi. Yoyote popote, moja kwenye umeme moja kwenye ethi, yaani waya wa kurudisha umeme, basi.

Alafu usikimbilie kununua shuu peke yake ukidhani unaokoa hela. Piga hesabu ya shuu, springi na sumaku moja moja, mara nyingi breki nzima iliyofungwa tayari kwenye sahani yake inakuja rahisi zaidi, unafungua nati 4 au 5 na waya mbili, unafunga mpya. Dramu yenye mikwaruzo nayo sio lazima uitupe, inachongwa, kipenyo chake cha mwisho kimeandikwa ndani kwenye chuma chenyewe, ya inchi 10 nyingi ni inchi 10.090, ikizidi hapo ndo haifai tena.

Shuu zilizolowa grisi watu wanaosha na petroli. Bitana ikishanyonya grisi haitoki, ikipata moto inarudi juu na gurudumu linateleza. Badilisha, magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, lakini kwanza tafuta imetoka wapi. Mimi nilipofungua dramu grisi ilikuwa imejaa mpaka kwenye springi kama uji mzito, manake mwenye trela wa mwanzo alikuwa anapampu grisi kwa nguvu kupitia ile nipeli ya mbele, kile kitundu cha kuingizia grisi, mpaka sili ya nyuma, ule mpira unaozuia grisi isivuje, ikatoka. Sili mpya ni kitu cha bei ndogo sana.

Na breki kutoshika sio lazima spea zimekufa. Weka multimita, kile kifaa cha kupima umeme, kwenye waya wa breki kabla hujatoa hela, kila sumaku inakula karibu ampea 3, magurudumu manne karibu 12. Ukipata sifuri tafuta waya au plagi. Cheki pia kabetri kadogo ka dharura, kale kanakofunga breki trela likichomoka kwenye gari, kakiwa kamekufa breki mpya hazitakusaidia hapo. Kwa magari ya biashara sheria ya Marekani inataka breki hizo zishike angalau dakika 15.

Wengine wanadhani ukishafunga mpya unapakia farasi unaondoka. Mpya hazishiki vizuri mpaka zisagane na dramu. Trela likiwa tupu nenda maili 40 kwa saa, punguza mpaka 20, rudia mara 20 hivi mpaka 30, ukiacha zipoe kati. Alafu simama uguse kitovu cha kila gurudumu kwa uangalifu, maana joto linaunguza. Langu matatu yalikuwa ya moto na moja baridi kabisa, na multimita ilishanionyesha ampea 9 nikapuuza. Waya ulikuwa umechubuka na kukatika ndani ya bomba la ekseli, mahali ambapo jicho halifiki, nikapitisha mwingine kwa nje nikaufunga vizuri, ikasoma 12.