Mpira wa inchi 11: maana yake kwa mtoto anayeanza softiboli

Softiboli ni mchezo wa kurusha mpira, kuupiga kwa gongo na kuudaka, unaofanana na besiboli. Ukishika mpira wake mkononi, utaona umeandikwa namba: 12, 11, na mara nyingine 10. Wengi hudhani hicho ni kipenyo, yaani upana wa mpira kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Sicho. Ni mzingo. Zungushia uzi kwenye tumbo la mpira mpaka ncha zikutane, kisha unyooshe uzi huo kwenye rula: mpira wa inchi 12 utakupa takriban sentimita 30.5, wa inchi 11 sentimita 28, na wa inchi 10 sentimita 25 na nusu hivi.

Kwa upana, kati ya mpira wa 12 na wa 11 kuna milimita 8 tu. Mtu mzima haoni kitu hapo. Kwa mtoto wa miaka saba, milimita hizo nane ndizo zinazoamua kama ataushika mpira au ataupakata.

Mpe mpira, mwambie aushike kama anayetaka kuurusha, kisha uutazame mkono wake kwa ubavuni. Mpira ukimfaa, vidole vitakaa juu, kwenye mishono, gumba litakuwa chini, na kati ya mpira na kiganja patabaki upenyo mdogo unaopitisha mwanga. Ukimzidi, upenyo huo haupo: mpira umejilaza kiganjani na vidole vimetanuka pande zote kuuzuia usidondoke. Mpira wa namna hiyo haurushwi, unasukumwa. Kiwiko kinashuka chini ya bega, mkono unakwenda mbele kama wa mtupa tufe, na mpira unaangukia njiani. Nawahurumia watoto wanaosahihishwa kiwiko siku baada ya siku wakati kosa halipo kwenye kiwiko kabisa.

Uzito nao unapungua kidogo. Mpira rasmi wa inchi 12 una gramu 178 hadi 198. Wa inchi 11 una kama 170. Nchini Marekani, mchezo huu ulikozaliwa, wasichana wa chini ya miaka 10 kwa kawaida huchezea wa inchi 11, na wakivuka hapo huhamia wa 12.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaponyoka wazazi wengi: ukubwa si ulaini. Jina la mchezo lenyewe linapotosha, maana softiboli ni "mpira laini". Mwanzoni ulikuwa laini kweli. Mwaka 1887 mjini Chicago, vijana waliokuwa ndani ya ukumbi walifunga glavu ya ndondi kwa kamba ikawa mpira, wakaipiga kwa mpini wa ufagio. Baadaye kiini cha mpira kilitengenezwa kwa sufi, ileile ya kujazia mito, au kwa mchanganyiko wa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa) na raba. Leo mipira mingi ina kiini cha poliyurethani, aina ya plastiki, na kiini hicho ni kigumu. Kwa hiyo mpira wa inchi 11 unaweza kuwa mgumu sawasawa na ule wa 12. Mzazi ananunua mpira mdogo akiamini amenunua mpira laini, na mtoto anakuja kuigundua tofauti kwa mfupa wa shavu.

Mdundo na ugumu vina namba zake, nazo mara nyingi zimepigwa chapa kwenye mpira wenyewe. Ukiona COR .47, hicho ni kipimo cha mdundo: maana yake mpira ukigonga kitu kigumu kwa kasi fulani, hurudi na asilimia 47 ya kasi hiyo. Namba ya pili, kwa mfano 375, ndiyo ya ugumu: ni nguvu kwa ratili inayohitajika kuubonyeza mpira robo inchi. Ni sawa na kuubebesha mzigo wa kilo 170 ili ubonyee milimita sita na ushei. Mpira wa namna hiyo si wa mtoto anayejifunza kudaka.

Anayeanza anahitaji mpira wa mafunzo, wenye mishono na ngozi kama ya mpira wa kawaida lakini kiini chake ni laini. Ubonyeze kwa magumba mawili. Ule mgumu hautikisiki. Huu utahisi unakubali. Lakini usikimbilie sponji tupu, maana mpira mwepesi mno huruka na kutoka kwenye glavu kabla mtoto hajaifunga, naye ataona hajui kudaka ilhali mkono wake ulifika mahali pake. Na ulaini wa mpira hauondoi kofia ya kinga wakati wa kupiga.

Nasisitiza ulaini kwa sababu ya macho. Mtoto aliyeumizwa na mpira siku za kwanza hujifunza kufumba macho na kugeuza uso kila mpira unapomjia. Tabia hiyo ni ngumu kuitoa kuliko kumfundisha kudaka tangu mwanzo, na mpira asiouona ndio utakaompiga tena.

Kwa hiyo usihesabu miaka peke yake unapotaka kumbadilishia. Mrushie taratibu mipira kumi ya kiini laini, wewe usitazame glavu, tazama uso wake. Akiifuata yote kwa macho mpaka inaingia kwenye glavu, mletee mpira mgumu wa inchi 11, na siku ya kwanza usogee karibu, urushe kwa mkono wa chini.