"Fundi, sensa imekufa, weka mpya zote nne"

Mteja hajashuka vizuri kwenye gari, hukumu tayari ameshatoa. Sensa za rivasi, vile vidude vya kwenye bampa la nyuma vinavyokuonya kwa mlio gari likikaribia kitu, zimekufa, zitolewe zote, ziwekwe mpya. Wengine wanafika na seti mkononi kabisa, imenunuliwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo. Ukiuliza nani kapima, jibu ni kwamba ukiweka rivasi gari linapiga mlio mrefu. Basi na tuanzie hapo, maana mlio huo umewamalizia watu hela bure.

Dhana: Mlio mrefu maana yake sensa imekufa

Kwenye magari mengi yaliyotoka kiwandani na sensa, kila unapoingiza rivasi boksi la sensa, yaani kompyuta ndogo inayoziendesha, linaziulizia moja moja kama zipo. Moja isipojibu, boksi linapiga mlio wa sekunde chache halafu linazima kazi nzima. Tatu nzima zinanyamazishwa kwa sababu ya moja, na mwenye gari anaona zimekufa nne. Isitoshe, boksi haliwezi kujua kama sensa imeharibika au waya wake umekatika. Linachojua ni kwamba halikujibiwa.

Sensa nne hazifi siku moja, kama matairi manne yasivyopata pancha pamoja. Zikinyamaza zote kwa mpigo, tafuta kinachozihudumia zote: fyuzi, waya unaoleta umeme wa rivasi, soketi kuu ya bampa, boksi lenyewe. Na kabla ya yote hayo, kitufe. Magari mengi yana kitufe cha kuzimia sensa karibu na usukani au gia, kina herufi P na alama ya mawimbi. Goti likikigusa, au mtoto akikibonyeza, sensa zinanyamaza bila ubovu wowote. Kibonyeze kwanza, ndipo uje gereji.

Kama tatizo ni la sensa moja, kipimo cha kwanza ni sikio. Gari liwe mahali tambarare, weka kabari kwenye matairi, vuta hendibreki, fungua swichi bila kuwasha injini. Mtu mmoja akanyage breki na kuweka R, wewe sogeza sikio hadi karibu na bampa. Sensa nzima inatoa tik-tik-tik hafifu ya harakaharaka. Sauti inayotumika kupimia umbali huisikii, kwa sababu inatetemeka mara 40,000 au zaidi kwa sekunde na sikio la mtu linakoma kwenye 20,000 hivi. Unachosikia ni mapigo ya sensa ikianza na kuacha. Gereji ikiwa kando ya Barabara ya Mandela na malori yake, sahau sikio, gusa uso wa sensa kwa ncha ya kidole, mtikisiko utausikia. Fanya hivyo sekunde ile ile gia inapoingia, kabla boksi halijazima zote.

Sensa iliyo kimya bado ni mshukiwa tu. Hukumu inatoka kwa kubadilishana nafasi, na laiti kila fundi angelifanya hili kabla ya kumtuma mteja dukani. Chomoa sensa inayolalamikiwa, ichomeke kwa jirani yake, ya jirani ilete hapa. Hakikisha namba za spea zilizoandikwa mgongoni zinafanana. Pima tena. Hitilafu ikihama pamoja na sensa, sensa ndiyo mbovu: nunua moja, narudia, moja. Hitilafu ikibaki pale pale, hata ukiweka sensa ya dhahabu haitafanya kazi, kwa sababu ubovu uko kwenye soketi, waya au boksi.

Kwa sensa za kufunga baadaye ni rahisi zaidi, hata bampa halishuki. Boksi liko ndani ya buti na matundu yake mara nyingi yameandikwa A, B, C, D. Kama inayosumbua ni A, badilisha soketi ya A na ya B. Hitilafu ikihamia B, mbovu ni sensa au kebo yake, ambayo huja pamoja. Ikibaki A, tundu la boksi limekufa. Dakika tano, na bisibisi moja ya kufungulia plastiki ya buti.

Hitilafu ikibaki pale pale kwenye gari lenye sensa za kiwandani, chukua mita ya kupimia umeme. Soketi ya sensa kwa kawaida ina pini tatu: umeme, ethi (waya hasi unaorudi kwenye bodi ya gari) na waya wa mawasiliano. Gari likiwa R, pima kati ya umeme na ethi. Magari mengi yanatoa kati ya volti 8 na 12, ila usibishane na namba ya mtandaoni, pima soketi ya jirani inayofanya kazi na ulinganishe. Jirani akiwa na umeme na hii haina, fuata waya. Na usipime sensa yenyewe kwa omu, yaani ukinzani wa umeme, ukadhani umemaliza. Ndani yake kuna kauri inayotetemeka na saketi ndogo, kwa hiyo mita inaweza kuonyesha hakuna njia na sensa ikawa nzima.

Ukifuata waya, mara nyingi unaishia sehemu mbili: soketi kuu ya bampa, ambayo kwenye magari mengi iko pembeni nyuma ya plastiki ya tairi, na pale fundi bodi alipovuta bampa bila kuchomoa kitu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya madimbwi yanapigwa na tairi moja kwa moja kuelekea hapo. Gari linaloshinda Kigamboni au Kunduchi linaongezewa chumvi ya bahari. Fungua soketi: ukikuta pini zina ukungu wa kijani, umefika.

Ukungu ule haukai kwenye pini tu, unapanda ndani ya waya chini ya ganda. Kata waya kurudi nyuma sentimita chache, menya, na uendelee kukata hadi shaba ing'ae. Kuunganisha juu ya shaba nyeusi ni kujipangia kazi nyingine ya mwezi ujao. Unganisha kwa solda, vika kila waya mpira wa kujibana kwa joto wenye gundi ndani, na viungo visikae mstari mmoja, kimoja kitangulie kingine kwa sentimita mbili tatu. Paka soketi grisi ya umeme. Waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye soketi ili maji yadondokee chini badala ya kuufuata hadi ndani. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi kwenye bampa la Dar es Salaam si ukarabati.

Dhana: Mashine imetaja sensa kwa jina, kwa hiyo ni yenyewe

Kodi ya hitilafu, yaani ujumbe wa kosa unaosomwa kwa mashine ya kupimia gari, inapoandika "sensa ya nyuma kushoto, saketi wazi" (njia ya umeme imekatika), inataja njia nzima kutoka kwenye boksi hadi kwenye sensa. Ni anuani ya kuanzia msako, basi. Na kile kidude kidogo cha Bluetooth kinachosoma injini kupitia simu, kikikuambia hakuna kosa, hakijasema lolote kuhusu sensa, kwa kuwa mara nyingi hakiwezi hata kufika kwenye boksi lake. Inatakiwa mashine inayosoma hadi mifumo ya bodi.

Dhana: Rangi haina neno

Ina neno kubwa. Uso wa sensa ni kama ngozi ya ngoma, unapiga sauti kisha unasikiliza mwangwi. Kitu kilicho mita moja kinarudisha mwangwi ndani ya sehemu 6 hivi za elfu za sekunde. Ngozi ikilemewa na puti na matabaka matatu ya rangi, inaendelea kutetemeka wakati inapaswa kuwa inasikiliza, na gari linalia pasipo na kitu, au haliioni nguzo kabisa. Rangi ikijaa kwenye mpira unaoizunguka, mtikisiko unahamia kwenye bampa na matokeo ni yale yale. Sensa zitolewe kabla ya bampa kupigwa rangi, zipakwe uso tu, tabaka jembamba, mpira ukiwa umevuliwa. Iliyokwisha kuzibwa usiikwangue kwa kisu, utaiua kweli.

Dhana: Inalia hovyo, kwa hiyo ni feki

Huenda inaiona ardhi. Sensa nyingi za kufunga baadaye zina neno UP au mshale mgongoni, na ukizigeuza juu chini zinapima lami. Zikifungwa chini mno ni hivyo hivyo. Karibu sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini ndipo panapofaa kwa magari mengi madogo. Bampa lililoshuka klipu upande mmoja, springi zilizochoka, au buti lililopakiwa magunia huinamisha sensa za nyuma kuelekea chini. Kama kilio kinaanza mzigo ukipanda na kuisha ukishuka, sensa haina kosa. Angalia pia kibati cha namba kilichopinda na kutokeza mbele ya sensa, na tope lililokauka usoni. Tope linatoka kwa kitambaa chenye maji. Mpira wa presha usogeze karibu chini ya sentimita 30 na utasukuma maji ndani ya sensa, kisha tutaonana.

Dhana: Ikiingia kwenye tundu, itafanya kazi

Umbo moja, soketi moja, lugha mbili tofauti. Linganisha namba ya spea herufi kwa herufi, hata kama muuzaji ameapa.

Dhana: Sensa ikinyamaza, nyuma ni salama

Sensa inaona kile kinachorudisha sauti. Nondo moja iliyosimama, mnyororo wa kuzuia maegesho, ukingo mfupi wa barabara ulio chini ya bampa, na wakati mwingine mtu aliyevaa nguo nzito, vinaweza kupita bila mlio. Mtaro wa maji ya mvua usio na mfuniko, ambao mitaa ya Sinza na Kinondoni haikosi, hauonekani kabisa: sauti inapita juu yake na hakuna kinachoirudisha. Shuka uangalie.