Nosi ya gari: mfumo mkavu, mbichi na wa kila silinda

Fundi mmoja wa hapa Malindi ana pistoni mbovu kwenye rafu ya spana zake, na kijana yeyote anayekwenda kumwuliza habari za nosi hupewa aishike kwanza. Nami nilipewa. Kichwa chake cha alumini kimetoboka katikati, tundu la kupita kidole gumba, na kingo zimeyeyuka kama mshumaa. "Nosi haikuiua hii," akaniambia. "Imekufa kwa kiu ya petroli."

Wengi hudhani nosi ni mafuta makali. Sivyo. Nosi ni gesi ya nitrasi oksidi, hutiwa kwenye injini ili iongezeke nguvu, na yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Kwa uzito, hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 23, na gesi hii ina 36. Ikikutana na joto la ndani ya silinda huvunjika, ikaiachia oksijeni hiyo, na injini ikaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa pigo moja. Tena hutoka mtungini ikiwa kimiminika, na inapogeuka gesi huipoza sana hewa inayoingia, hewa ikashikamana na kuingia kwa wingi. Mtazame muuza mishkaki na kipepeo chake: kipepeo hakiongezi makaa, kinayakoleza yaliyopo.

Basi ukitaka kuzijua aina za mifumo hii, uliza swali moja tu: petroli ya ziada inapita wapi?

Katika mfumo mkavu, nozeli hupuliza gesi peke yake kwenye bomba la hewa. Petroli huletwa na injekta (vinyunyizio vya petroli) za gari lenyewe, ama kompyuta iziamuru zikae wazi kwa muda zaidi, ama presha ya petroli ipandishwe. Manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, hubaki kavu, ndipo jina lilipotoka. Kuufunga ni rahisi, na hapo ndipo watu hujisahau. Pistoni ya yule fundi ilitoka kwenye mfumo huu: pampu ya petroli ilikuwa imechoka, gesi ikaja, petroli haikuja.

Mfumo mbichi (kama tusemavyo nguo bado mbichi) una vali mbili za umeme, moja ya gesi na moja ya petroli. Hufunguka pamoja, na vyote viwili hutoka kwenye nozeli moja. Hufaa hata gari la kabureta, ambapo mara nyingi nozeli huachwa ikawekwa sahani yenye matundu chini ya kabureta. Lakini manifoldi nyingi za magari ya injekta ziliumbwa kupitisha hewa tu. Petroli inaweza kutuama kwenye kona zake, na moto ukirudi nyuma, manifoldi hupasuka.

Aina ya tatu huipa kila silinda nozeli yake, ya gesi na petroli, pamoja na jeti, vitundu vya kupimia kiasi kinachopita. Hakuna silinda inayoshiba huku jirani yake ana njaa. Ni kazi ya kutoboa manifoldi na kupinda vibomba vingi, ghali, na kwa maoni yangu haina maana nje ya uwanja wa mashindano. Kwa kweli hakuna mfumo hata mmoja kati ya hii ambao mahali pake ni barabara ya Mombasa, yenye tuktuk na watoto wa shule.

Kisha kuna jua letu. Nchi za baridi huufunga mtungi blanketi la umeme ili presha ipande. Hapa gari likiachwa juani adhuhuri, buti hupita nyuzi 36 bila shida, na kuanzia hapo nitrasi oksidi haikai tena kimiminika, presha inapanda tu. Jeti ya petroli haijui hayo. Inatoa kiasi kilekile cha jana. Gesi inapozidi, kiu inarudi. Ndiyo maana fundi huyu huutoa mtungi butini akaulaza kivulini, na husoma geji kabla hajagusa ufunguo.