Je, wajua kwa nini muuza nyama ndiye aliyemfundisha mtawa wa Kihindu maana ya wajibu?

Kwa miaka mingi nilikuwa nikieleza, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kusahihishwa, kwamba dharma ni neno la Kisanskriti lenye maana ya dini, na kwamba dharma ya kijana wa Kihindu ni kusali hekaluni, kufunga siku zilizowekwa na kujiepusha na nyama. Pwani yetu imeishi na Wahindu kwa karne nyingi, lakini methali yetu inayomtaja Baniani iliishia kwenye kiatu chake, kwa hiyo sikupata wa kunizuia. Tena jibu langu lilikuwa na sura ya ukweli, kwa kuwa katika Kihindi na Kigujarati cha leo neno hilo hutumika pia kwa maana ya dini. Tatizo ni kwamba mtu akiingia na maana hiyo peke yake katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, atakwama mbele ya bucha moja katika mji wa kale wa Mithila.

Mzizi wa neno ni dhr, yaani kushika au kuhimili, na Mahabharata yenyewe inalifafanua hivyo: imeitwa dharma kwa sababu inahimili, nayo ndiyo inayowahimili watu. Aliyewahi kujenga nyumba ya udongo atalielewa jambo hili upesi kuliko mwenye kamusi. Hakuna mgeni anayeisifia nguzo, sifa zote huenda kwenye mlango uliochongwa. Lakini nguzo ikiondoka, paa linawashukia wenyeji na mgeni pamoja. Anayeuliza dharma ya mwanafunzi ni ipi anauliza, kwa kweli, mwanafunzi huyo anahimili nini mahali alipo.

Kosa hilo lilinizalia jingine, kwani nilianza kutafuta orodha moja ya amri, nikakuta orodha nyingi zisizolingana. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria, kinataja mambo matano yanayowapasa watu wa matabaka yote manne: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, usafi na kuzitawala hisi. Yogasutra za Patanjali, mafundisho ya kale ya yoga, nazo zina makatazo matano, na matatu ya kwanza ni yale yale kwa mpangilio ule ule, kisha orodha zinaachana. Nilidhani huo ni uzembe wa waandishi, kumbe orodha hizo ni nusu tu ya habari.

Wahindu hutofautisha dharma ya wote, iitwayo sadharana, na dharma ya mtu mwenyewe, iitwayo svadharma. Chukua mfano wa jahazi lililo safarini. Liko sharti linalowafunga wote waliomo, kwamba asiwepo wa kutoboa chombo wala wa kuiba maji ya kunywa, na hapo nahodha hana msamaha kumliko mpishi. Lakini zaidi ya hapo kila mmoja ana kazi yake, na mpishi akiacha chungu motoni akakimbilia usukani kwa kuwa anaamini mkono wake ni mwepesi zaidi, pengine ana haki kuhusu mkono wake, ila sasa chombo kina wasukani wawili na wali unaungua. Bhagavad Gita, sehemu maarufu ya Mahabharata, katika sura ya 3 inasema jambo hilo hilo: dharma yako iliyotekelezwa kwa upungufu ni bora kuliko ya mwenzako iliyotekelezwa vizuri.

Sasa turudi buchani. Kitabu cha 3 kati ya 18 vya Mahabharata kinasimulia habari za Kaushika, yule mtawa, Mbrahmani yaani mtu wa tabaka la makuhani, aliyekuwa akisoma Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, chini ya mti pale korongo jike alipomchafua kutoka juu. Akamtazama kwa hasira, na ndege akaanguka amekufa. Baadaye akaenda kijijini kuomba chakula, ambako mama mmoja alimwambia asubiri, kisha mume wake akarudi na njaa na mama akamhudumia kwanza. Kaushika akaghadhibika. Mama akamjibu kwa utulivu kwamba yeye si korongo, ingawa hakuna aliyekuwa amemsimulia habari za yule ndege, akamwelekeza aende Mithila akajifunze dharma kwa muuza nyama.

Huyo muuza nyama haui wanyama wala hali nyama. Anauza iliyochinjwa na wengine, kwa bei ya haki, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoirithi. Mgeni alipoonyesha kuchukizwa, alimkumbusha kwamba hata mkulima anapopitisha jembe huangamiza viumbe wengi ardhini, hivyo asiyedhuru kabisa hapatikani. Kisha akampeleka nyumbani, akamwonyesha wazazi wake wazee na kusema kwamba hao ndio miungu yake.

Inafaa kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu hadithi hii haipingi matabaka: muuza nyama mwenyewe anaeleza kwamba kuzaliwa kwake chini kulitokana na laana ya maisha yaliyopita. Hoja ya kila mtu na kazi yake imetumika kuwafungia watu katika unyonge, na ndiyo maana B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyetetea watu waliodharauliwa kwa tabaka lao, na wenzake waliichoma Manusmriti hadharani mjini Mahad, India, tarehe 25 Desemba 1927. Wahindu wengi wa leo huisoma svadharma kama wajibu wa nafasi na kipawa, si wa ukoo, lakini usomaji huo una wapinzani wake.

Kwa kijana, nafasi hiyo ina jina: brahmacharya, hatua ya kwanza kati ya nne za maisha, ambayo kazi yake ni kujifunza. Katika Taittiriya Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu, mwalimu anamuaga mwanafunzi aliyehitimu kwa kumwambia aseme kweli, atende dharma na asizembee kujisomea. Mama, baba, mwalimu na mgeni wawe kwake kama miungu. Akitoa, atoe kwa haya. Anamwambia pia aige yale mema tu ya walimu wake, na akipata shaka kuhusu la kutenda, atazame namna wanavyotenda watu wenye busara wasio wakali. Nchini Kenya, ambako Elimu ya Dini ya Kihindu ni somo la shule na hujumuisha Ujaini, Ubudha na Usikh, hii ni mada inayoweza kufika darasani.

Kaushika naye alikuwa na kisomo tele, na hapo ndipo muuza nyama alipomgusa mwishoni: alikuwa ameondoka kwao kwenda kusoma Veda bila idhini ya wazazi, nao kwa majonzi wakawa vipofu. Akamwambia arudi akawaliwaze. Kaushika akamshukuru, akamzunguka kwa heshima kama mtu anavyomzunguka mwalimu wake, akashika njia ya nyumbani.